Uzi wa Saba

Petro alipokwenda Turiani kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, aliondoka na gitaa la besi. Hakuna aliyeweza kumlaumu, kwa sababu lilikuwa lake. Kwaya ikabaki na ngoma mbili, kayamba, amplifaya kuukuu iliyotegemea jenereta ya parokia, na gitaa la rithim alilopiga Felista Mkude. Jumapili ya kwanza bila besi, Felista alipiga nyimbo zote kama kawaida, lakini kila kiitikio kilipoingia alisikia pengo chini ya sauti za watu, kama mtu anayeshuka ngazi akakuta kidato kimoja hakipo. Waumini waliimba, padri akashukuru. Yeye alirudi nyumbani kichwa kinamuuma.

Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka 2002. Felista alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alilima pilipili manga na mdalasini kwenye mteremko wa juu wa Kinole, na gitaa alifundishwa na kaka yake, marehemu sasa, kabla hajaolewa. Vigango vyote vya upande ule wa milima havikuwa na mwanamke mwingine aliyepiga gitaa kanisani. Wageni wakimkuta amelishika walimuuliza anamshikia nani.

Mwezi wa kumi parokia ingetimiza miaka hamsini, na wageni wangetoka mpaka jimboni. Fidelis, mwalimu wa kwaya, alikuwa pia mwalimu wa shule ya msingi, na mambo yake yote aliyaandika kwenye daftari. Baada ya misa alimwita Felista pembeni.

"Tutafute mtu wa kinanda mjini," alisema. "Kinanda kina besi ndani, kina ngoma, kina kila kitu. Mtu anabonyeza tu."

"Nipe miezi miwili, Mwalimu. Besi nitaileta mimi."

"Utaitoa wapi?"

"Nitaitoa."

Fidelis aliandika kwenye daftari lake: miezi miwili.

Wiki mbili baadaye Felista alishuka Morogoro na Landrova ya asubuhi, pilipili manga yake ikiwa kwenye magunia mawili. Siku hizo wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na mizani yake. Alipomaliza kuuza alipita dukani kwa Yunusi, karibu na soko. Felista alilikumbuka duka lile tangu alipokuwa msichana, enzi za baba yake Yunusi, watu walipopanga foleni tangu alfajiri wakingojea kipande cha sabuni na kurudi bila kitu. Sasa lilikuwa na redio mpaka darini, chupa za chai, maua ya plastiki, televisheni, na kule nyuma, kati ya cherehani na matairi ya baiskeli, gitaa jeusi la umeme.

Alilitazama, akahesabu nyuzi, akahesabu tena.

"Ni saba," Yunusi alisema. "Kila anayekuja anadhani kiwanda kimekosea. Wanaume wote wa bendi wamelikataa. Nakupa kwa bei ya lile la nyuzi sita, mama, huo mmoja chukua bure."

Aliliunganisha kwenye spika ndogo. Felista alikalia kigoda, akagusa uzi wa saba, ule mnene uliokuwa juu ya wenzake. Sauti iliyotoka ilikuwa ya chini kuliko sauti yoyote aliyowahi kuipiga kwa mkono wake. Aliisikia kwenye kiwiko kabla ya masikio. Pale pale akapata wazo: kidole gumba kitembee na besi, vidole vingine vicheze rithim. Mtu mmoja, kazi mbili. Petro akae zake Turiani.

Pesa aliyokuwa nayo ilikuwa ya mabati ya jiko. Alilipa, akalifunga gitaa kwenye khanga, akapanda Landrova ya kurudi.

Mume wake, Stephano, alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na milango, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipomwona mkewe anashuka na khanga ndefu badala ya mabati, aliacha randa.

"Mama Severin, mabati yako wapi?"

Felista akafungua khanga. Stephano alilichukua gitaa, akapitisha dole gumba nyuma ya shingo yake, akalinusa kabisa.

"Mbao hii haijakauka," alisema, akamrudishia, akaendelea na kazi. Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo siku ile wala siku iliyofuata, na Felista angependa zaidi kama angegomba.

Taabu zilianza wiki ile ile. Shingo ilikuwa pana mno kwa mkono wake mdogo, akalazimika kujifunza upya namna ya kuizungushia vidole. Hilo alilivumilia. Asichoweza kuvumilia ni kwamba gitaa halikukaa kwenye sauti. Alilityuni asubuhi, akaenda kupalilia, akirudi nyuzi tatu zimeshuka. Aliligeuza upande wa juani akidhani ni baridi, akaligeuza upande wa kivuli akidhani ni joto. Kwenye mazoezi ya kwaya alityuni kabla ya wimbo, katikati ya wimbo, na baada ya wimbo, huku waimbaji ishirini na wawili wakimsubiri na Fidelis akitazama saa. Kisha kulikuwa na mvumo. Ukiunganisha tu amplifaya, kabla hujagusa kitu, gitaa lilivuma kama nyuki waliochokozwa, na ukisogea karibu na jenereta ndipo linapozidi.

"Dada Felista," soprano mmoja aliuliza kwa upole, "lile la zamani lilikuwa na kosa gani?"

Felista aliinamia nyuzi, akatyuni tena. Wiki ya tatu, alipokuwa anakaza funguo ya uzi wa saba, uzi ukakatika palepale kwenye funguo na kumchapa shavuni.

Alishuka tena mjini. Yunusi alimwonyesha boksi zima la nyuzi za gitaa, pakiti kwa pakiti, zote za nyuzi sita.

"Wa saba hauuzwi peke yake?"

"Hauuzwi kabisa, mama. Hata Dar nimeulizia. Wananiuliza hiyo saba niliitoa wapi."

"Na wewe uliitoa wapi?"

"Mimi nilinunua kontena," Yunusi alisema. "Sikununua gitaa. Lilikuwa ndani." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akamwelekeza Mji Mpya kwa fundi mmoja wa redio, mzee Dadi, ambaye zamani alikuwa mpiga solo.

Kibanda cha Dadi kilijaa redio zilizofumuliwa. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, mkavu, miwani imefungwa kwa waya. Felista alimsalimu shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, mpaka khanga ilipofunguliwa. Hapo aliweka kando kila kitu alichokuwa anafanya. Alilipakata gitaa, akapitisha vidole juu ya nyuzi sita zilizobaki bila kuzipiga.

"Nani alikuuzia hili?"

Felista akamweleza yote, kuanzia Petro.

"Sikiliza, mama," Dadi alisema. "Kidaraja hiki cha juu, nyuzi zinapopita, ni plastiki laini. Mitaro yake ni mibaya, uzi unakwama na kuachia. Ndiyo maana halikai kwenye sauti. Nitachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe. Sumaku zake za kunasia sauti ni takataka, ila nina nyingine kwenye gitaa bovu, nitazibadilisha na mvumo utapungua. Uzi wa saba nitaweka wa gitaa la besi, ule mwembamba wao. Hautaingia kwenye funguo, kwa hiyo tundu nitalipanua kwa keke. Na nikiukata lazima ncha niigandishe kwa risasi ya kuungia waya, la sivyo utafumuka wote."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu kumweleza Felista kinachoendelea. Nusura amshukuru kwa machozi.

"Njoo Jumamosi," Dadi alisema.

Jumamosi alikuja, gitaa likawa bado. Kidaraja kilikuwa kimechongwa nusu. Jumamosi iliyofuata akakuta kibanda kimefungwa kwa kufuli. Aliuliza kwa jirani, mama muuza maandazi aliyeitwa Chausiku.

"Mzee amekwenda Kingolwira," Chausiku alisema. "Kuna harusi. Ameondoka na gitaa lake jipya, lile jeusi."

Felista alikaa kwenye benchi la Chausiku tangu saa tano. Landrova ya saa nane ikaondoka bila yeye. Alinunua andazi ambalo hakulila. Saa kumi Dadi akaonekana anakuja na gitaa mgongoni, amevaa shati jeupe, anatembea kama kijana. Alipomwona Felista hatua zikapungua.

"Shikamoo," Felista alisema, kwa sababu ilibidi.

"Marahaba, mama."

"Gitaa langu limetoka harusini."

"Nilikuwa nalijaribu. Uzi mpya lazima upigwe mpaka umalize kuvutika."

"Wiki mbili mzee wangu? Mimi nimeliacha kwako litengenezwe. Nimepanda na kushuka mlima mara mbili. Kwaya inaningoja, mwalimu ameandika siku kwenye daftari, nyumbani jiko linavuja. Wewe umelipeleka kwenye ngoma."

Chausiku aligeuza maandazi yake yasiyohitaji kugeuzwa. Dadi alifungua kufuli taratibu, akaingia, akakaa. Alipozungumza hakujitetea tena.

"Nilipiga kwenye bendi ya shirika la umma miaka kumi na sita," alisema. "Tulikuwa waajiriwa, mshahara, sare, kila kitu. Shirika likauzwa. Mwenye mali mpya hakuhitaji bendi. Vyombo vikafungiwa stoo, na baadaye nikasikia vimeuzwa kwa mnada, sijui kwa nani. Gitaa lile halikuwa langu hata siku moja, mama, ila mikono yangu haikujua. Nimekosa. Sitakutoza kazi hii."

Felista hakutaka kumhurumia. Alikuwa amepanga hasira yake tangu saa tano na ilimuudhi kuona inaingiliwa.

"Hebu lipige basi," alisema.

Dadi aliliunganisha. Alipiga kitu cha zamani, taratibu, gumba likitembea chini na vidole vingine vikijibizana juu. Mvumo ulikuwa umepungua. Uzi wa saba ulitoa sauti nzito, ya duara, hasa ile aliyokuwa akiitafuta. Lakini Felista aliona pia kwamba mzee aliugusa kidogo sana, kama mtu anayepima pasi kwa kidole, na baadhi ya sehemu za shingo alizikwepa. Alipopewa yeye akapiga kwa nguvu zake za kanisani, uzi uligonga vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo na kukoroma.

"Ndilo nililotaka kukwambia," Dadi alisema. Alichukua bisibisi, akafungua kifuniko kidogo cha plastiki kwenye kichwa cha gitaa. "Shingo pana namna hii, nyuzi saba zinaivuta, lazima iwe na chuma ndani kuizuia isipinde. Chuma hicho hukazwa hapa. Tazama."

Felista alitazama. Chini ya kifuniko kulikuwa na tundu fupi, na ndani ya tundu hakukuwa na kitu. Mbao tupu.

"Wameweka kifuniko tu?"

"Wameweka kifuniko tu. Na skrubu zake mbili."

Alibaki anaangalia zile skrubu mbili. Mtu fulani, mahali fulani, alikaa akazikaza vizuri kabisa, zimefunga tundu lisilo na kitu. Jambo lile lilimchoma kuliko uzi uliokatika. Aliomba kwa Chausiku nafasi ya kulala, na kesho yake akapanda nalo mlima.

Uzi wa besi ulikuwa mzito na mbao ilikuwa mbichi, kama Stephano alivyosema siku ya kwanza. Kufikia katikati ya mwezi wa nane shingo ilikuwa imepinda waziwazi. Nyuzi zilipaa juu ya vyuma kiasi cha kupitisha kidole chini yake, na kuzibonyeza kulimchuna ngozi. Alifunga plasta, akaendelea. Siku moja mvua ya ghafla ilinyesha akiwa amekaa jikoni anafanya mazoezi bila umeme. Maji yakaanza kudondoka kwenye sufuria ya maharage, kwenye unga, na kwenye mkono wake wa kushoto. Alisimama, akaenda chumbani, akalitupa gitaa kitandani. Kisha akarudi jikoni, akakalia kinu kilicholala, akalia kwa hasira, bila sauti, huku akisogeza sufuria kukwepa matone.

Stephano alipita mlangoni, akamwona, akaondoka. Felista alipomfuata karakana baada ya mvua, alikuta gitaa liko juu ya meza ya kazi, limefumuliwa. Nyuzi zimetolewa. Shingo imefunguliwa skrubu zake nne na kutenganishwa na mwili.

"Unafanya nini, Baba Severin?"

"Huyo fundi wako alisema linataka chuma."

"Ndiyo."

"Basi tulitie chuma."

Alikuwa na bapa la chuma alilokata kwenye kitanda kibovu. Alibana shingo kwenye jiliwa, akapachika kabari mpaka ikanyooka, akapima kwa uzi wenye chokaa. Kisha kwa patasi nyembamba akaanza kuchimba mfereji mgongoni mwa shingo, kutoka chini hadi juu. Felista alishika upande wa pili isiteleze. Walifanya kazi hiyo siku nzima. Patasi ilizidi mara moja, akasema neno lisilofaa, akaendelea.

"Bado umekasirika?" Felista aliuliza.

"Bado."

"Mabati nitanunua mavuno yajayo."

"Najua utanunua." Alipuliza vumbi la mbao. "Kilichonikera si mabati. Ulinunua kitu cha mbao na hukuniuliza mimi."

Felista hakuwa amefikiria hilo hata kidogo. Alishika shingo, akatazama chini.

Waligongomea bapa ndani pamoja na gundi, wakalifunika kwa ufito wa mninga, Stephano akaupiga randa mpaka mkono ukipita hausikii ulipoungana. Akasema likae siku nne. Felista alikwenda karakana mara nyingi kiasi kwamba Stephano alifunga mlango. Siku ya tano walirudisha nyuzi. Shingo ilikaa imenyooka. Alipiga uzi wa saba kwa nguvu zake zote na haukukoroma, isipokuwa kwenye chuma cha tatu tu, pale patasi ilipozidi. Pale uliendelea kuvuma kidogo kama mdudu kwenye kikombe.

Zilihitajika wiki nyingine za kuzoea, maana uzito wa gitaa ulikuwa umebadilika, kichwa kikawa kinaangukia chini. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa alijiona yuko tayari. Alishuka kanisani na gitaa lake ndani ya khanga. Aliposogea alisikia wimbo wa shukrani unapigwa, na besi imo.

Kijana mmoja kutoka mjini, Godfrey, alikuwa amekaa nyuma ya kinanda. Kwaya nzima ilikuwa imemweka katikati.

"Tumsifu Yesu Kristo," Felista alisema.

"Milele amina," Fidelis akajibu. Alisogea naye dirishani. "Dada Felista, kamati iliamua. Uliomba miezi miwili. Mwezi wa sita mpaka leo, hebu hesabu."

"Najua."

"Nami nimekungoja. Nimewaambia wangoje. Kila nikiuliza naambiwa mara uzi umekatika, mara gitaa liko mjini, mara limefumuliwa liko kwa seremala. Wageni hawa nitawaambia gundi haijakauka?"

Alisema kweli, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu kwa Felista. Angekuwa ameonewa angejua la kusema.

"Niruhusu nijaribu pamoja nao," alisema.

Alityuni kufuata kinanda. Gitaa lilikaa kwenye sauti, wimbo mzima, na wa pili. Lakini gumba lake lilipoanza kutembea chini, lilikutana na besi ya kinanda, ambayo haikuwa hata mkono wa Godfrey. Ilikuwa inajiendesha yenyewe ndani ya mashine. Ikienda kushoto yeye anaenda kulia. Sauti mbili nzito zikagombana, waimbaji wakaanza kutazamana. Godfrey akasimamisha.

"Mama, wewe piga juu tu," alisema kwa adabu. "Huku chini nimeshamaliza."

Felista alitazama mikono yake. Vidole vilikuwa na sugu mpya. Alichomoa waya, akalifunga gitaa, akaenda kusimama kwenye mstari wa soprano.

Siku ya sherehe ilikwenda vizuri. Hakuna kilichozimika wala kuharibika. Kinanda kilipiga kila kitu, wageni walipiga makofi, akina mama waliopika walisema kwaya haijawahi kupendeza vile. Felista aliimba kwa sauti yake yote na hakuna hata mmoja aliyeuliza gitaa liko wapi. Wakati wa chakula Fidelis alimletea soda kwa mkono wake mwenyewe. Alishukuru, akanywa nusu, akaenda nyumbani kulala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Siku ya tatu alishuka mjini kuliuza. Alikwenda moja kwa moja kwa Dadi.

"Lichukue wewe," alimwambia. "Nipe chochote."

Dadi alikuwa anageuza shingo kwenye mwanga, anautazama ufito wa mninga. Alipitisha ukucha kwenye muungo.

"Nani amefanya hii?"

"Mume wangu."

"Mwambie ni fundi." Alilirudisha mikononi mwa Felista. "Silinunui. Ningekuwa na pesa ningelinunua siku ya kwanza. Na hata ningekuwa nayo leo, nisingenunua. Tuna kikundi cha kupiga harusini, na mpiga besi wetu amehamia Dar. Jumamosi tuna harusi Kingolwira, mimi nimeazima la nyuzi sita. Uje na hilo ukae chini, mimi nikae juu."

"Mimi ni mtu wa kwaya."

"Nani amekukataza kwaya?"

Felista alisema hawezi. Alifika stendi, akapanda Landrova, na mpaka inafika Mkuyuni alikuwa anajibishana na yule mzee kichwani. Nyumbani alimweleza Stephano, akitegemea atamkataza. Stephano alikuwa anakula. Alimeza kwanza.

"Utarudi saa ngapi?" aliuliza.

"Nitalala kwa Chausiku. Nirudi Jumapili."

"Beba bisibisi."

Harusi ilikuwa mchana, uani, chini ya turubai la bluu. Felista alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mpiga ngoma ili watu wasimwone sana. Wimbo wa kwanza ulikuwa mbaya. Aliingia mapema, akapotea, uzi wa saba ukashuka nusu sauti naye akaendelea kuupiga hivyo hivyo kwa woga wa kusimama. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alimtazama kama anatazama mtu aliyemwaga mchuzi. Dadi aligeuka, bila kuacha kupiga, akasema, "Acha. Tyuni. Tunakungoja hapahapa." Akaanza kuzunguka kwenye sauti mbili tu, mpiga ngoma naye akapunguza, wakazunguka hivyo, watu wakiendelea kucheza bila kujua, mpaka Felista akakaza funguo, akasikiliza, akakaza tena kidogo. Kisha akaingia.

Safari hii hakuna mashine iliyokuwa chini kumzuia. Pale chini palikuwa wazi, pote pake. Alitembeza gumba, akakwepa chuma cha tatu kama alivyomwona Dadi akikwepa sehemu mbovu za shingo siku ile kibandani, na waliokuwa wanacheza wakashusha mabega kufuata. Alipiga mpaka jua likaanza kuingia kwa ubavuni mwa turubai, akiwa na hasira bado, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Baadaye aligombana na Dadi kuhusu mwendo wa wimbo wa tatu, ambao kwa Felista mzee aliuharakisha mno. Hawakukubaliana. Jumamosi iliyofuata waliupiga tena kila mtu kwa mwendo wake na ukawa mbaya zaidi.

Wanapiga pamoja mpaka leo pale harusi inapopatikana. Mabati ya jiko yalinunuliwa mavuno ya mwaka uliofuata, machache kuliko yaliyopangwa. Kanisani kinanda kimebaki, na Jumapili Felista huimba soprano, mara nyingi sauti imemkauka na vidole vinamuuma. Fidelis alimwomba mara moja apige rithim ya juu tu kwenye kipaimara. Alimjibu kwa heshima kwamba ameshatoa ahadi kwingine siku hiyo, na kwa kweli alikuwa ameahidi.